Kombe la Mama wa Fizi

Musiniambie ilikuwa malaria. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala. Ilikuwa saa sita mchana, miaka ile ya vita ya kwetu, mi niko mlangoni hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mashini yangu ya kushona. Mungu ananiona.

Mama mmoja akasimama mbele yangu, Kiswahili chake cha Fizi kabisa. Akanipa kombe, gamba la konokono wa bahari, la kuvaa shingoni, duara, na tundu katikati. Kazi ya bazee, balilisugua kwa jiwe na mchanga mpaka likang'aa rangi rangi.

"Mwanangu, unishonee blauzi, na hili kombe ulishone kifuani. Upelekee mtoto wangu Riziki, anauza mboga soko ya Kawale. Pima mimi, tuko mwili moja."

Nikamzungushia metre, nikamwambia avute pumzi, njo desturi yangu. Kifua hakikutikisika hata kidogo. Nikasema ah, mama amechoka na safari. Mjinga mi!

Sasa nibaambie ubaya wangu. Siku tatu nilitaka kukata lile kombe nipate vifungo. Kombe la vile utalipata wapi tena? Lakini kila nikishika msumeno, mkono unakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Nikaogopa, nikashona.

Kule Kawale, Riziki alipokunjua blauzi akaanguka chini, pwaa! Akaniambia mama yake alikufia njiani kulekule Fizi, bakikimbia baaskari. Kwao, mama akifa, binti wa kwanza anamvua kombe kabla ya kuzika, analivaa yeye. Riziki alisikia masasi ya bunduki, akazika mbiombio, akasahau. Kombe likaingia mu udongo na mama.

"Tangu siku ile mimba mbili zimetoka," akasema. "Nikajua mama amenikasirikia."

Akavaa blauzi. Ikamkaa sawasawa. Akanishika mkono. "Dada, alikuwa na kasirani?"

"Hapana," nikamwambia. "Alikuita 'mtoto wangu'."

Weee, tulilia pale kati ya mboga, bantu banatushangaa!

Leo Riziki iko na mtoto wa kike. Mi, mkono wangu wa kuume ungali na ganzi, nashona polepole, bakliyan, bateja bangu, banalalamika. Sawa tu, nilijitakia. Lakini we fundi unayenisikia, mtu akikupa kitu cha mtoto wake, usikitamani. Kipeleke siku ileile. Mi nilimchelewesha yule mama siku tatu nzima, na alikuwa ametoka Fizi kwa miguu, marehemu.