Dobi aliyefua shati la mbunge

Shati la mbunge aliyeuawa lilifuliwa kabla ya mpelelezi yeyote kulitazama. Aliyelifua ni mama huyu.

Saa mbili asubuhi yuko uani kwa watu, ameinama juu ya beseni, povu limemfika kwenye viwiko. Anasugua kola kana kwamba ana kesi nayo. Ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa dobi wa hospitali. Sasa anafua nyumba kwa nyumba.

"Pale nguo za marehemu hazifuliwi," anasema bila kuinua kichwa. "Zinafungwa zilivyo, ndugu wanakabidhiwa. Siku hiyo likaja shati na kikaratasi cha ofisini: lifuliwe sasa hivi. Nikadhani wanamsitiri mjane, asione damu. Basi nikalifua vizuri, mwanangu. Nililifua kwa huruma."

Alichokiona kabla ya kulitia majini kinamla hadi leo. Tundu la kifuani lilikuwa na masizi, ukingo umebabuka. Tangazo la polisi lilisema majambazi walifyatua risasi kutoka ng'ambo ya barabara.

"Risasi ya ng'ambo inachoma nguo? Mimi nimeona nguo zilizoungua maisha yangu yote. Aliyempiga alikuwa karibu kama wewe na mimi. Mtu wa kupeana naye mkono."

Chumba cha pasi pale hospitalini kikageuka baraza. Huyu anasema ni ugomvi wa shamba, yule wivu wa mapenzi, mwingine kisasi cha uchaguzi. Mpiga pasi mmoja akamwambia, "Dada, fungua sabuni, funga mdomo."

Hakuufunga.

"Nikawaambia, mgomvi wa shamba haandiki karatasi za ofisini. Mwenye wivu akishaua anakimbia, hamkumbuki dobi. Mwenye kisasi anataka damu ionekane. Anayeua kwa ajili ya kiti ndiye mwenye haraka ya kufua."

Maneno hayohayo akayapeleka mbele ya tume ya uchunguzi. Akifika hapo anaisugua kola kwa nguvu zaidi, na si kwa uchafu. Ni hasira.

"Mwenyekiti akalinyanyua shati, jeupe pee. Akaniuliza, 'Mama, hayo masizi yako wapi?' Ukumbi ukacheka. Nimeyatoa mimi, kwa mikono hii."

Wiki iliyofuata akapewa barua ya kuachishwa kazi. Sababu: kufua nguo ya marehemu kinyume cha utaratibu. Kile kikaratasi hakikuonekana tena.

Siku hizi inasemwa kwamba tume nyingine itaundwa. "Wakiniita nakwenda, hata kwa miguu," anasema, akikamua kola. "Wasiponiita, nitajiita."

Mpaka sasa shati hilo limemgharimu kazi ya miaka kumi na tisa, kiinua mgongo chote, chumba cha wafanyakazi alicholelea watoto wanne, na mdogo wake wa kike, karani wa ofisi ileile iliyotoa kikaratasi, ambaye hajampigia simu tangu siku ya tume.