Ngozi ya Chewa na Kisigino cha Kristgeir

Kidonda cha Kristgeir kilianza vuli, waliposhusha kondoo mlimani, na mpaka theluji inafunga barabara kilikuwa bado wazi kisiginoni. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekidekeza. Daktari wa mjini hakumung'unya maneno: kisipofunga, mguu utakatwa. Na Kristgeir hakuwahi kukosa kucheza na mkewe, Salbjörg, katika karamu ya katikati ya baridi.

Ndipo muuguzi Ragnfríður akaja na pakiti. Ndani mlikuwa na kipande cha ngozi ya chewa, kimesafishwa na kukaushwa, cha kulazwa kidondani ili nyama mpya ipate pa kushika.

Kristgeir alicheka mpaka akashika mbavu. "Bibi yangu alivaa viatu vya ngozi ya samaki. Mlima ule wa kondoo tuliuita wa jozi saba, maana kuuvuka kulikula jozi saba za viatu hivyo. Hii itanifikisha wapi?"

"Ikufikishe karamuni tu, mzee." Akakilowesha kwa maji ya chumvi, akakiweka juu ya kitambaa safi mezani, akaenda kunawa mikono.

Zamani kila nyumba ilikuwa na samaki wakining'inia bandani, na kila mwanamke alijua: nyama ni ya watu, ngozi ni ya mbwa. Siku hizi samaki huja dukani uchi ndani ya plastiki, na mbwa hulishwa vitu vya kopo. Lakini mikono ya Salbjörg ilikuwa ya zamani. Akipanga vikombe vya kahawa, aliona ngozi mezani, akaitupa chini. Mbwa wao, Kátur, hakuuliza swali.

Muuguzi alirudi, akatazama kitambaa kitupu.

"Salbjörg, umeiweka wapi?"

"Nimempa mwenyewe."

Kátur alijiramba.

"Basi huyu," Kristgeir alisema, "hatapata vidonda vya tumbo maisha yake yote."

Walicheka wote watatu, Salbjörg huku akilia, kwani pakiti nyingine ilisubiri ndege, na ndege ilisubiri upepo utulie.

Upepo ulitulia. Safari hii Kátur alifungiwa bandani, na Salbjörg akaikalia mikono yake. Ngozi ilishika, ikabadilishwa, ikashika tena, hata kidonda kikafunga.

Karamuni, baada ya vichwa vya kondoo na papa aliyevundikwa, kodiani ililia. Ragnfríður alimruhusu Kristgeir wimbo mmoja. Alicheza nne.

"Polepole, wewe, utatoboa kiatu," Salbjörg alimwambia.

"Nimebakiwa na jozi sita."

Nyuma yao alizunguka Kátur, pua kisiginoni.