Mashine ya Mawese Niliyoifuata Guangzhou

Nilikwenda China kufuata mashine ya kukamua mawese. Nalisema mapema msije mkadhani nilikwenda kutembea. Sisi wa upande wa Kigoma tunakamua kwa pipa lenye skrubu katikati, wanaume wanalizunguka kama punda, na mafuta mengi yanabaki kwenye makapi. Miaka ile ya elfu mbili kila mtu alikuwa anakimbilia China. Kikundi chetu cha wakulima kikanichagua mimi wa darasa la nne, kwa kuwa nimekamua mawese tangu sijaota ndevu, na binti wa marehemu kaka yangu, Mwajuma, anafanya biashara ya jinzi kulekule.

Asubuhi ya kuondoka, mwenyekiti wa kikundi alinivuta pembeni pale stesheni.

"Mzee Bilali, lete kubwa. Ukileta kubwa tunafyeka msitu wa juu ya mto, tunapanda michikichi mpaka kileleni. Ukileta ndogo, inatosha hii michikichi ya mashambani, na tutabaki hivihivi."

Basi mjue nilichobeba. Msitu ule ndiko mto wetu unakotoka, na ndiko wanakolala sokwe.

Treni ilikaa njiani siku moja zaidi, injini ilikufa Tabora, nikala kuku wa stesheni mpaka nikamchukia kuku. Lakini hayo si ya leo. Kutoka Dar nikapanda ndege, Dubai nikabadilisha nyingine, miguu ikavimba viatu vikanikataa. Guangzhou nilishuka na kandambili.

Mwajuma alinipokea akanipeleka Xiaobei, mtaa wa Waafrika. Pale unapishana na Wazanzibari wenye mabegi, Wakongo wanabishana bei kwa Kifaransa, na ukikohoa kuna mtu atakupa pole kwa Kiswahili. Nilidhani nitakuwa mgeni. Nilikuwa mshamba tu.

Siku ya pili tukaenda kwenye duka la mashine. Zilikuwa mbili. Ndogo ilinifika kifuani. Kubwa ilijaza chumba, na pembeni yake kulikuwa na bomba la chuma la kukazia skrubu, refu kama mkono wangu. Laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye duka, akaipiga ile kubwa kofi la mgongo kama anamsifu ng'ombe. Nikacheka.

"Baba mdogo, usicheke naye," Mwajuma akaninong'oneza. "Ukicheka anapandisha bei."

Nikamwambia laoban nitarudi keshokutwa.

Mchana Mwajuma akanipeleka kula kwa Mama Sumi. Huyu ni mama wa Kiindonesia, wa kisiwa cha Borneo. Alikuja Hong Kong kufanya kazi za ndani, akavukia Guangzhou, akafungua mgahawa. Kiswahili alijifunza kwa kulisha Waswahili. Na sisi watu wa Kigoma mnatujua, hatuendi kwa mtu mikono mitupu: nilikuwa na chupa ya mawese ndani ya soksi. Nikampa kwa mikono miwili.

Akafungua. Akanusa. Akafunga, akatoka nayo nje, akaiweka chini karibu na ndoo ya kupigia deki.

"Mama Sumi!" Mwajuma akaruka. "Ni zawadi ya mzee!"

"Najua zawadi. Mzee, samahani. Hii harufu ya kwetu. Ya kiwanda."

Nikamwambia kwetu hakuna kiwanda, ila nimekuja kununua mashine, tutafyeka msitu. Nilisema kwa fahari. Akakaa.

"Kwetu walikuja watu na karatasi," alisema. "Wakasema, toeni msitu, kila nyumba itapata shamba la michikichi. Mume wangu alitia sahihi. Msitu ukachomwa. Shamba tulipata dogo, huko mbali. Maji ya kiwanda wakamwaga mtoni, samaki wakaelea. Mume wangu akawa kibarua kwenye ardhi ya baba yake."

"Na wanyama?" nikauliza.

"Orangutan unamjua? Mkubwa, mwekundu, mikono mirefu. Kama sokwe wenu. Msitu hakuna, chakula hakuna, akaja kula miche. Kampuni ikasema, linda miche. Mume wangu akapewa chuma. Siku moja akarudi nyumbani na mtoto wa orangutan. Mama wa yule mtoto, mume wangu alikuwa amempiga kwa chuma kile mpaka akafa."

Mwajuma aliacha kula.

"Yule mtoto alishika nywele zangu," Mama Sumi akasema, akijishika kisogoni. "Siku sita. Nalala naye, napika naye. Siku ya saba mkono ukalegea wenyewe. Mume wangu si mtu mbaya, mzee. Alikuwa analinda kazi."

Njiani Mwajuma akasema, "Baba mdogo, chukua ndogo."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie umeikuta ndogo tu."

Keshokutwa yake nikarudi kwa laoban nimeshaamua ndogo. Wallahi nilikuwa nimeamua. Lakini nikawaza stesheni ya Kigoma, watu wamekuja na ngoma, na mimi nashusha kitu kinachonifika kifuani. Kidole changu kikaonyesha kubwa. Mwajuma hakunitazama. Wiki iliyofuata tukaifuata bandarini Huangpu, ajenti akafunga kontena, nami nikapiga picha mbele yake.

Niliporudi ngoma zilipigwa kweli. Msitu ulifyekwa kiangazi kilekile. Mashine inakamua vizuri, sina la kuilalamikia. Mto sasa wanawake wanaufuata bondeni chini, na yaliyobaki ni matope.

Watu huniuliza nilijifunza nini China. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuambiwa yote, kwa lugha yake mwenyewe, akiwa ameshiba, na bado akafanya.

Masika yaliyofuata tulipanda michikichi, sokwe wakarudi na njaa, wakaanza kung'oa miche na kula kiini chake. Kamati ikakaa, ikamchagua mlinzi wa miche: mwanangu Hamisi, ana mke na watoto wawili, kazi alikuwa anaitafuta. Asubuhi alipokuja kuniaga akaniuliza achukue nini mkononi. Akaenda mwenyewe kwenye mashine, akachomoa lile bomba la kukazia skrubu, akalipima uzito, akapanda mlima.