Bomba Lililotokea Chini ya Mlango Wangu

Mtoto wangu alitapika mara ya pili tulipokaribia Minago, kisha shingo yake ikalegea kama kitambaa kilicholowa. Hapo ndipo nilipompiga mume wangu ngumi ya bega huku anaendesha. Nikamwambia asimame. Akasema tumeshakaribia. Nikafungua mlango gari ikiwa bado inatembea, akasimama.

Mvua ilikuwa inanyesha na vioo vyote vilikuwa vimepandishwa. Nilitoka na mtoto, nikamgeuza uso upande wa ziwa ili upepo umpige. Abiria walibaki ndani wakinitazama. Bibi mmoja aliyekaa mbele akasema nisihangaike, hiyo ni mimba nyingine inakuja, mtoto anayenyonya huijua kabla ya mama yake. Wenzake wakacheka. Nao wenyewe walikuwa wameshika vichwa tangu Rumonge, wakilaumu kona na harufu ya ndagala, wale dagaa wakavu.

Mtoto alipolia, na mimi nikavuta pumzi.

Gari yenyewe ni ndogo, ya silinda nne. Mume wangu anapeleka watu Bujumbura, na pamoja na watu anapeleka mawese. Hapa kwetu buti haifungwi. Bidoni, yale madumu ya njano, zinapangwa mpaka zinachungulia nje, kifuniko kinakazwa kwa mpira wa baiskeli, na nyingine zinaning'inia juu ya bampa. Bomba la moshi la zamani lilikuwa linatoa mdomo wake hapo hapo chini. Likipata moto, linayeyusha bidoni. Mawese yakimwagika barabarani, mwenye mali anakuja kutupigia kelele mlangoni. Mwishowe bomba lenyewe likaliwa na kutu, likatoboka, ikabidi kutafuta jingine.

Nilikwenda garaji na mume wangu na shemeji, mtoto mgongoni. Fundi alitandaza mabomba matatu juu ya gunia. La kwanza lilikuwa la kuiga lile la kiwandani: jembamba, refu, lina masanduku mawili ya kumeza kelele na mkia unaopita bampa. La pili lilitoka kwenye gari ya aina nyingine iliyokwisha kufa. La tatu lilitoka Uvira, pana, linang'aa, la kuifanya gari ingurume kama lori. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, hakuondoa macho kwenye hilo la tatu. Fundi akamwambia ukweli: injini ndogo kama hii ukiipa bomba pana inapoteza nguvu kwenye vilima na kunywa mafuta, na mafuta siku hizi unayapata kwa kuomba Mungu. Likaachwa. Mpaka hapo nilikuwa upande wao.

Ndipo mume wangu akachagua la pili, kwa sababu moja tu: lilikuwa fupi. Alitaka lipindwe, lichomelewe, litoe moshi ubavuni, chini ya mlango wa nyuma, mbali na bidoni. Wote wakaona hiyo ni akili kubwa.

Nikauliza, "Na mwenye kukaa kwenye huo mlango?"

"Mama, shuleni walikufundisha silinda ngapi?" fundi akanijibu.

Shemeji akaongeza kwamba sekondari yangu ingefaa kuhesabia bidoni. Wakacheka. Mume wangu hakucheka, wala hakunitetea. Baadaye njiani aliniambia moshi unapanda juu, upepo wa ziwa unauchukua. Upepo wa ziwa! Kana kwamba ameuajiri.

Sakafu ya gari ile imeoza, ukiinua kapeti unaona barabara. Na buti inayokaa wazi inavuta hewa ya nje kuileta ndani. Nilimwambia, nikamwambia tena. Kila nilipokwenda kwa mama yangu Minago nilikaa kwenye mlango ule ule, kwa sababu kiti cha mbele ni cha mwenye kulipa. Mtoto alikuwa analala usingizi mzito njia nzima, watu wanamsifu kuwa ni mtulivu, hasumbui. Usingizi ule ulikuwa sumu.

Basi siku hiyo, nimesimama kwenye mvua, niliwauliza wale abiria swali moja: "Nani kati yenu analala na jiko la mbabula lenye makaa ndani, mlango umefungwa?"

Kila mtu huku amezika mtu aliyeuawa na moshi wa mbabula, au anamjua aliyezika. Yule bibi aliyetaja mimba akashusha kioo chake taratibu, mvua ikamwingia.

Mume wangu akasema tutayazungumza nyumbani. Nikakataa kupanda. Akaondoka na watu wake, mimi nikamalizia kwa miguu hadi kwa mama.

Nilipopata gari nyingine ya kunirudisha Rumonge, sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kamati ya madereva, pale wanapopangia zamu za kupakia. Mkubwa wao alinisalimu amahoro, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba ya mume na mke hayaletwi pale, wazee wa familia wakae wayaamue.

"Baba, wazee wa familia hawapandi hiyo gari. Andika, ao nipe kalamu niandike mwenyewe."

"Unamushitaki bwana yako?"

"Ninashitaki gari. Yeye ndiye anayeiendesha."

Akanipa kalamu. Niliandika hivi, akagonga muhuri mbele yangu:

"Mimi, mkaazi wa Rumonge, mama wa mtoto anayenyonya, ninailalamikia gari ya mume wangu. Bomba lake la moshi limekatwa na kutolewa chini ya mlango wa nyuma. Moshi unaingia kwa abiria kupitia sakafu iliyotoboka na buti isiyofungwa. Mtoto wangu amezimia ndani yake. Ninaomba gari hiyo isipewe zamu mpaka iwekwe bomba refu linalopita bampa, sakafu izibwe, na buti ifungwe kila safari yenye watu. Ninajua kwamba gari hiyo ndiyo inayotulisha."