Bakuli Lililotengwa Pembeni

Wengi husema uzee huondoa hasira. Yangu imekomaa.

Mwanangu alioa Mvietnamu aliyekuwa akifanya naye kazi ghalani hapa Louisville. Jumapili moja, baada ya ibada, mkwe wangu alileta kwenye chakula cha kanisa sufuria kubwa ya ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui la nazi na punje za wanga wa muhogo, juu zimenyunyiziwa karanga za kutwanga. Kwao huita chè chuối. Nilikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwao nilikwisha kuona rafu yenye picha ya bibi yake na ubani. Bakuli la kwanza huwekwa pale kabla mtu hajaonja. Nikamuuliza mbele ya watu kama na hii ilipita kwa bibi. Hakujua kudanganya. Akasema ndiyo.

Nikaiondoa sufuria mezani kwa mikono yangu.

"Baba," mwanangu akasema, "ni ndizi."

"Ni chakula cha sanamu."

Wazee wenzangu wakaniunga mkono. Jioni niliikuta sufuria jikoni mwa kanisa, imekwanguliwa mpaka chini, na mama mmoja bado analamba mwiko.

"Mzee, sisi tuliiombea kwanza," akaniambia.

Mezani hakuna aliyemtetea mkwe wangu. Walingoja wakaile jikoni. Nao siwasamehe, ingawa wao hawakumwaibisha mtu.

Mwanangu na mkewe wakahamia Lackawanna, karibu na Buffalo. Mwanangu hakugombana nami. Aliacha tu kupiga simu. Afadhali angenitukana.

Mwaka huu nikapanda basi bila kualikwa, kuomba nirudishwe katika nyumba ile. Njiani, mjini Columbus, tulishushwa kungoja basi la pili. Niliketi pale nikikasirikia baridi, mashine ya kahawa iliyotoa maji ya moto tu, na kijana aliyelaza miguu kwenye viti viwili. Nilikuwa natafuta mtu mwingine wa kumkasirikia.

Mwanangu alikuwa kazini; mkwe wangu ndiye aliyefungua mlango. "Karibu, baba. Umekula?"

Akaniletea bakuli la ndizi zile zile. Mjukuu wangu wa kike akalitazama kwa uchungu.

"Hiyo ya babu naila mimi," akasema kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika. "Mama akipika, anatoa yako kwanza, kabla ya picha. Halafu hauji."

Nikamtazama mama yake.

"Haijapita kwa bibi," akasema, akifuta sinki. "Unaweza kula."

Nilitamani anipige. Mimi nilimwondolea sufuria mbele ya kanisa zima, na yeye miaka yote hii amekuwa akiilinda imani yangu, kila anapopika, nami niko Louisville nimenuna. Nikamwomba msamaha. Sauti ilitoka kali kama ya ugomvi, maana ndiyo niliyo nayo.

"Kula, baba," akasema. "Itapoa."

Mjukuu akasogeza kijiko chake. "Babu, nusu?"

"Leo huli ya babu," nikamwambia, nikalivuta bakuli kwangu.