Sinia la Ijumaa

Kabla yangu mimi, huku Kisauni hakuna mtu aliyepata kulala kitanda cha kulipia akaamka akaletewa chai mezani. Wale waliofungua vyumba vyao baadaye, wa Changamwe na wa Likoni, wote walipita kwangu kwanza kuchungulia. Mmoja hata alipima vitanda vyangu kwa shubiri akidhani simwoni. Mimi nimesoma miaka miwili tu misheni, nikakimbia fimbo, lakini nilisimamisha kitu ambacho waliosoma miaka kumi hawakukiwaza.

Nilianza uhamali bandarini. Mgongo ulipokataa magunia nikaingia jikoni kwa Mzungu mmoja, nikaosha sufuria mpaka nikaaminiwa mayai, na kutoka kwenye mayai nikaaminiwa jiko zima. Vita vilipomwita Mzungu, nilibaki na ujuzi ambao watu wetu hawakuwa nao: kumhudumia mtu nisiyemjua, asubuhi, macho yake bado mazito, mpaka ajione bwana.

Mji nao ulikuwa umefurika. Askari kila upande, makarani wa bara, mafundi wa bandari. Chumba cha kulala kisiwani hukipati hata kwa kujuana. Malori ya kutoka Malindi yaliwashusha watu huku kwetu, kabla ya daraja la kuelea, wakajilalia juu ya mizigo yao wakingoja kukuche wavuke. Niliwatazama jioni tatu. Ya nne nilikuwa nimekwisha kujua nitakalofanya.

Kando ya barabara palikuwa na shamba la minazi la zamani. Kwenye nyumba kubwa alikaa bibi mmoja mjane, wa ukoo mkongwe, Kiswahili chake cha Mvita kimenyooka mpaka mtu kama mimi, niliyezaliwa huko Rabai kwenye vilima, naona haya kufungua kinywa. Nyuma ya nyumba yake palisimama majengo ya kazi ya tangu enzi za babu wa mumewe: zizi la punda, banda la kukaushia mbata za nazi, na ghala la mafuta ya nazi. Kuta zake za mawe ya pwani, nene, ukitia mkono dirishani haufiki nje. Dari za boriti. Waliokuwa wakilala mle ni popo.

Nilikwenda na mke wangu. Tukamwamkia bibi, akatuitikia marahaba, akatukaribisha tukae kitako juu ya mkeka, akatuuliza habari za watu wetu mmoja mmoja kabla hajatuuliza shida. Nikamwambia nataka yale majengo. Nitayatengeneza kwa nguvu zangu, nitie vitanda, wasafiri wapate pa kulala na chai ya asubuhi, na yeye nitampa kitu kila mwezi.

Kisha akasema, "Sitaki kitu, mwanangu. Chukua, uwalaze wageni. Hiyo ni sadaka ya marehemu."

Neno la kwamba wasafiri watalipa sikulitamka. Niliona linajulikana lenyewe. Nani huyo anayelaza watu bure? Na lile neno lake la sadaka nililisikia vizuri sana, ila nililisikia kwa masikio ya misheni. Kwetu sisi sadaka ni kile unachotia katika kikapu Jumapili, kikapu kikipita. Nikaelewa kwamba bibi hataki kodi, ataka badala yake nimtolee mumewe sadaka. Basi tangu Jumapili ile nilitia yangu, nikatia na nyingine, nikisema moyoni: hii ya marehemu. Sikukosa hata moja. Nilikuwa nikijisifu kwa rafiki zangu kwamba mimi ndiye mpangaji pekee pwani nzima anayelipia nyumba yake kanisani.

Kazi ya kuyageuza majengo yale niliifanya mwenyewe na mke wangu, na nataka ijulikane. Tulipaka chokaa mara tatu. Vile vihori walimokula punda sikuvibomoa, nikavifanya pa kuwekea mizigo, na pete za chuma za kufungia punda zikawa za kutundikia makoti. Karani mmoja aliniambia hajaona ujanja kama ule. Vitanda vilikuwa vya kamba, na juu yake godoro za sufi. Lililonishinda ni harufu ya mbata tu. Ilikuwa imeingia katika mawe. Mtu akilala bandani siku moja, wenzake mjini humjua alikolala. Nikawaambia wageni harufu ile hufukuza mbu, na wengi waliamini.

Barabarani nikatundika ubao nilioandika kwa mkono wangu: WAGENI KARIBUNI, KULALA NA CHAI, BEI NAFUU. Bibi aliupita mara nyingi akienda mazikoni na harusini. Alikuwa msomi kunishinda mimi mara mia, lakini kusoma kwake kulikuwa kwa hati za Kiarabu. Zangu kwake zilikuwa mikwaruzo.

Ijumaa ya kwanza, asubuhi, mpishi wake, mwanamke mtu mzima, alitujia na sinia limefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na mahamri, mbaazi za nazi, na tambi za sukari zenye iliki. Akasema, "Bibi asema ni za wageni." Nikashukuru, nikaliweka mezani. Wageni walikula mpaka wakalamba vidole, na nikaona kwamba nimeongezewa mkono wa pili bila kuuajiri. Ijumaa iliyofuata likaja tena, na iliyofuata, miaka. Madereva wakazoea kuwaambia abiria wao, ukitaka kulala kwa yule mpishi wa Kisauni, lala Alhamisi.

Mke wangu hakupenda. Siku moja akifuta meza aliniambia, "Baba watoto, hiki chakula tunapewa, nasi twakiuza."

Nikamwambia kitu kikishafika mezani kwangu ni changu, na kwamba mpishi wa kweli hatupi anachopata. Akafuta upande mwingine wa meza.

Kisha ikaja ile njaa. Mahindi yakapotea, mchele ukawa hadithi, sukari tukapimiwa kama dawa. Chai yangu ilipungua utamu na nikawaambia wageni ndivyo wanywavyo Wazungu. Sinia la bibi halikupungua. Mpishi wake alimdokezea mke wangu kwamba mle ndani wanakunywa chai kavu wiki nzima ili sukari yao ya mgao itoshe tambi za Ijumaa. Mke wangu akaniambia. Nikasema watu wakubwa wana njia zao. Bibi alikuwa amekonda, na nilimwona amekonda, lakini nilisema ni uzee.

Alhamisi moja ya mwaka ule alilala kwangu mzee mmoja kutoka upande wa Mambrui, anampeleka mkewe hospitali mjini, macho yanamsumbua. Asubuhi walikula pamoja na wengine. Nilipokwenda kuchukua malipo, mzee alinitazama, akaitazama meza, akatazama zile pete za ukutani kama mtu anayehakikisha kwamba ndipo alipo. Akanilipa. Kisha akamwacha mkewe kitandani, akavaa viatu akaelekea nyumba kubwa. Mimi nikaendelea kumimina chai.

Baada ya kitambo mpishi wa bibi akaja kuniita.

Nilimkuta bibi barazani, kichwa kimefungwa mtandio mpaka kwenye paji la uso, na yule mzee amekaa pembeni akitazama miguu yake. Nikaamkia. Safari hii hakuniuliza habari za watu wangu.

"Mwanangu," akasema, "mzee huyu amekuja kunishukuru, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Tumezungumza, na katika kuzungumza yuasema amelipa. Amelipa nini?"

"Kulala, Bibi. Na chai."

"Na sinia langu?"

Nikasema, "Sinia liko ndani ya chai, Bibi."

Sijui nilifikiriaje jibu lile lingetosha. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, wote hulipa? Nikasema wote. Tangu siku ya kwanza? Tangu siku ya kwanza. Nikaona ananiponyoka, na pamoja naye kuta na vitanda na jina langu lote, nikajitetea kwa lile nililolitegemea.

"Lakini sadaka nimetoa, Bibi. Ya marehemu, kila Jumapili kanisani. Sijakosa hata moja."

Yule mzee akaziba mdomo kwa mkono. Bibi akanitazama kama anayesikia lugha ya mbali.

"Wamtolea mume wangu kanisani?"

Nikasema ndiyo. Hapo ndipo aliponieleza, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Walikuwa na mtoto mmoja, akashikwa na ndui. Mumewe aliweka nadhiri kwamba mtoto akipona, kila mpita njia atakayefika shambani kwake atalala na kula bure. Mtoto akapona. Na zizi likatolewa punda, likalaza watu, miaka mingi, huyu mzee akiwa mmoja wao. Marehemu alipokufa na mtoto akahamia Unguja, mwanamke peke yake angewezaje kulaza wanaume asiowajua? Ilimkaa kifuani nadhiri ile. Mpaka nilipokuja mimi.

"Nilisema Mungu amemletea mtu wa kumlipia deni lake," akasema. "Miaka yote hii nalala nikijua thawabu zamfikia. Kumbe alikuwa hafikiwi na kitu." Akajipangusa kwa ncha ya mtandio. "Sikutoi. Nilikwambia chukua, na neno langu silimezi. Lakini nambia mmoja. Mmoja tu uliyemlaza ukamlisha kwa ajili ya Mungu, nijue hata thawabu ya huyo ilimfikia."

Nilimtafuta. Wallahi, ingawa mimi ni Mkristo, sina neno jingine la kuapia hapa: nilipita kitanda kwa kitanda kichwani mwangu, zizi, banda, ghala, mvua na kiangazi. Nilikumbuka mlevi niliyemtoa mlangoni. Nilikumbuka mama mwenye mapacha niliyemwambia watoto nao wana bei. Mimi ninayekumbuka kila mgeni anakunywaje chai yake, sikumpata hata mmoja.

Mke wangu alikuwa amefika nyuma yangu, na sinia mkononi, amelisafisha analirudisha kama kila Ijumaa. Sikujua amesikia tangu wapi. Akaliweka chini, akapiga magoti.

"Wapo, Bibi," akasema. "Kila Ijumaa mmoja, akiwapo maskini. Humlaza mimi, mume wangu hajui. Yeye nilimwambia wamekwisha lipa."

Bibi akamwinamia. "Kweli, mwanangu?"

"Haki ya Mungu, Bibi."

"Wangapi?"

"Sikuwahesabu. Ijumaa nyingi."

Yule bibi alimshika mke wangu mikono miwili, akakaa hivyo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mimi nilisimama pale nimepoa, nimeokolewa na mwanamke aliyenificha jambo ndani ya biashara yangu mwenyewe, na nilipaswa kukasirika lakini nilikuwa na shukrani kama mtu aliyetolewa kisimani. Nikamrudishia yule mzee fedha yake. Alipokea bila kunitazama.

Kabla hatujaondoka bibi aliweka sharti. Siku nyingine zote nifanye kazi yangu. Wote wanaolala usiku wa kuamkia Ijumaa, wakanywa chai ya Ijumaa, wawe wageni wa marehemu. Nikakubali upesi, kabla hajaongeza.

Nilidhani hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Kuchukua fedha ndiko kuna maneno; kutoa kuna maneno gani? Ijumaa iliyofuata sinia likaja kama kawaida, na mgeni wa kwanza kumaliza kula alikuwa kijana wa bara, mpakiaji wa bandarini, mwenye shati lililotatuka begani. Akaweka fedha mezani. Nikaisukuma kwake.

"Leo hulipi."

"Kwa nini?"

"Ni bure. Kwa ajili ya marehemu."

Aliangalia begani kwake pale palipotatuka, kisha akaniangalia mimi. "Mzee, mimi si mwombaji. Nina kazi. Marehemu wako simjui."

Nikamwambia sikumaanisha hivyo. Akasimama, akaiacha fedha pale pale, na wengine wote waliokuwa mezani wakaacha kutafuna. Mmoja alirudisha hamri siniani. Nilijaribu kuwaeleza, na kila nilivyoeleza nadhiri na ndui na punda ndivyo walivyozidi kunitazama kama mtu mwenye hila. Mimi, niliyeifundisha Kisauni nzima kuhudumia wageni, nilikuwa sijui niiweke wapi mikono yangu.

Nikachukua birika nikaenda jikoni. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Wamekataa," nikamwambia. "Yule kijana ametoka amekasirika. Hebu nifunze. Wale wako wa Ijumaa uliwaambia nini hata wakakubali?"

Hakuinua uso. "Wepi?" akasema, mkono ukiendelea kukuna.

Kisha mkono ukasimama. Tukatazamana, nazi iliyokunwa imemjaa vidoleni, na kutoka nyumba kubwa tulimsikia bibi akimwita mpishi wake, sauti yake nyepesi kuliko miezi mingi iliyopita.

Sikumwuliza tena. Nilijaza birika, nikarudi kwa wageni kujaribu na wa pili.