Siku Baba Mkwe Aliposhuka Kwenye Jeep

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na siku nimeziona nyingi. Lubumbashi nzima ilikuwa haina mazuti, hiyo dizeli ya magari. Vituo vimefungwa kamba, watu wamelala foleni na madumu yao. Ndipo simu ikalia kutoka Lukafu, kijijini kwa wakwe zangu: mama mkwe wangu tumbo limevimba, nesi wa kule amesema ni upasuaji, aletwe mjini upesi.

Nikuambie kwanza mimi ni nani. Shule niliiacha darasa la tano, nikasukuma mkokoteni sokoni hadi mabega yakaota sugu. Leo ukifika mtaa wa Makomeno ukauliza nyumba yenye geti la kijani, hata mtoto atakuonyesha. Lakini wakati ule nilikuwa kijana aliyeoa juzi tu, mali yangu jeep moja ya mazuti, na ndani ya tangi kiasi cha kwenda Lukafu na kurudi, kama dereva ana akili. Dereva huyo nilikuwa mimi. Sijisifu bure.

Kazi niliianza kabla ya kuwasha moteri. Galeri ya chuma ya kubebea mizigo juu ya paa, ambayo vijana wote tuliipenda kwa urembo, niliifungua nikaiacha uani, kwa sababu inashindana na upepo, na mashindano hayo yanalipwa kwa mazuti. Nikatoa minyororo na masanduku ya vyuma, nikabakiza tairi la akiba na jeki. Matairi nikayajaza hewa kadiri yanavyotakiwa, maana tairi laini linaburuta gari. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu la barabara za migodi, nikaweka jipya ili moteri ipumue.

Njiani mke wangu Regine alilia kwa hasira.

“Unaendesha kama unabeba mayai! Mama anakufa, weye unabembeleza jeep!”

“Tukikimbia tutafika kule upesi,” nikamwambia. “Na kurudi? Tutamubeba kwa mugongo?”

Akageuza uso dirishani hadi Lukafu.

Tulikuta watu wamejaa uani. Mama tukamlaza kwenye godoro nyuma, Regine akaketi naye. Baba mkwe, mzee wa reli aliyestaafu akaenda kulima, alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele na koti lake jeusi la misa. Nikageuka, naona wanapakia mifuko ya mahindi, makala ya kupikia, na mbuzi amefungwa miguu. Unajua desturi yetu. Mkwe haondoki mikono mitupu.

Nikasema, “Papa, unisamehe. Mifuko ishuke. Na mbuzi pia.”

Shangazi yake Regine akapiga makofi ya dharau. “Mukwe gani huyu? Anakataa mbuzi ya bukwe! Juu ya kuwa iko na jeep?”

“Mama, mazuti iko kidogo, na hapa Lukafu hata chupa moja haiuzwe,” nikajibu. “Kurudi ni milima. Kila muzigo tutapandisha, jeep itaukulia mazuti.”

Baba mkwe alitazama mshale wa mazuti kwa muda. Kisha akaniuliza polepole, “Na miye? Siko muzigo?”

Mkwe atamwambiaje baba wa mke wake ashuke, na mke wa mzee amelala pale nyuma?

Akafungua mlango mwenyewe, akashuka. Akainama dirisha la nyuma. “Mama Regine, enda. Nitakuya na kamyo ya bantu.” Halafu akanikazia macho. “Usikimbie, na usisimame. Ule ndani ni muntu wangu.”

Tukaondoka. Kwenye kupanda, mguu wangu ulikanyaga taratibu kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Kwenye kushuka sikutia gari huru kama wanavyofanya wajanja. Niliiacha kwenye vitesi, gia imeshika, mguu nimeutoa kabisa, magurudumu yakaizungusha moteri bila kuomba mazuti. Klima, ile ya kupoza hewa, nimezima. Kila nilipoona shimo mbele niliachia mapema, nisipige breki na kuanza upya. Taa nyekundu ya mazuti iliwaka tungali mbali na mji. Regine aliiona. Nilisikia tu rozari yake.

Tulifika hospitali. Madaktari wakampasua, akapona.

Papa alifika juu ya kamyo, lori la makala, koti limekuwa la kijivu kwa vumbi. Mama akafumbua macho. “Uliniacha miye peke. Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nyuma,” akasema mzee, “naisukuma ile jeep.”

Mimi husema ni mguu wangu uliotufikisha. Lakini yeye ndiye aliyeshuka.

Basi, mwanangu, usingoje uhaba ndipo ujifunze kuendesha. Jeep yako ivue mizigo ya maonyesho, pima hewa ya matairi, safisha chujio, na usiache moteri ingurume mbele ya baa ili watu wajue umefika. Mguu wako uwe mwepesi hata siku ambayo tangi limejaa. Na ukiona kitu kinachozuia safari ya mgonjwa, kishushe, hata kama ni heshima yako mwenyewe.

Mungu akutangulie barabarani. Unaowabeba wafike wakiwa hai, nawe usikose mtu wa kukushukia njia inapokuwa ngumu.